Uwanja Usiomwacha Mtwa Pembeni

Batwa ni jamii ya asili inayokadiriwa kuwa takriban asilimia 1 ya wakazi wa Burundi. Katiba ya 2005 iliwatengea viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti. Hata hivyo, kiti bungeni hakitoshi kumwingiza kijana uwanjani kilimani kwake.

Sababu zinafahamika. Timu nyingi za vijana huanzia shuleni, na watoto wengi wa Batwa huacha shule mapema kwa umaskini. Mashindano ya rika huhitaji uthibitisho wa umri, ilhali wazazi wengi hawakuandikisha watoto wao. Tena, katika sherehe Batwa huitwa kucheza ngoma mbele ya wageni. Mpira unapoanza, hubaki watazamaji. Kumwalika mtu atumbuize si sawa na kumpa nafasi katika timu.

Hapo ndipo vyama vya jamii vina kazi. Shirika la UNIPROBA limekuwa likitetea haki za Batwa nchini kwa miaka mingi, na vyama vya michezo vya vilimani vinaweza kushirikiana na watetezi wa namna hiyo. Tunashauri mambo manne.

Kwanza, Batwa wawemo katika kamati inayopanga ratiba na kugawa vifaa, wala wasiitwe mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Pili, chama kiwasindikize wazazi kwenye ofisi ya tarafa kuandikisha watoto. Cheti hicho kitamfaa mtoto shuleni na hospitalini pia. Tatu, ada ipokelewe kidogo kidogo, na asifukuzwe mchezaji kwa kukosa viatu. Nne, tusi la kabila lihesabiwe kuwa kosa: mwamuzi asimamishe mchezo, na viongozi watoe taarifa kwa polisi kabla ugomvi haujafika majumbani.

Michezo ya jadi nayo isisahauliwe. Tamko la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili, kifungu cha 31, linaitaja michezo ya jadi kuwa sehemu ya urithi wao. Ngoma na igisoro vinastahili siku yake, chini ya uongozi wa wenyewe.

Kwa timu zinazovuka Kobero kwenda Kabanga au Ngara, kiongozi aandae orodha ya wachezaji, idhini ya wazazi na hati za safari, kisha atuarifu mapema. Mtoto asiye na hati asipitishwe njia za panya ili timu itimie. Njia hizo ndizo zitumiwazo na wasafirishaji wa watu, na mtoto asiyeandikwa popote ni vigumu kumtafuta akipotea.

Usalama wa mpakani hujengwa na majirani wanaojuana kwa majina. Uwanja ni mahali pazuri pa kujuana, mradi kila mmoja aruhusiwe kuingia.