Soka la Sekondari: Mwandishi wa Habari Asimame Wapi?

Na Mwandishi Wetu

Mechi nyingi za soka za shule za sekondari, zikiwemo za hatua za awali za mashindano ya UMISSETA, huchezwa katika viwanja visivyo na uzio wala jukwaa la waandishi wa habari. Mstari wa chokaa pekee ndio humtenganisha mchezaji na mtazamaji. Hivyo, mahali anaposimama mwandishi hugusa usahihi wa taarifa yake na usalama wa wanafunzi.

Kwa mwandishi anayeandika taarifa ya mchezo, mahali panapofaa zaidi ni usawa wa mstari wa kati, nje ya uwanja, na ikiwezekana penye mwinuko. Hapo huyaona magoli yote mawili kwa umbali unaolingana. Kwa kuwa hakuna marudio ya video, bao lililofungwa katika msongamano hutambuliwa kwa jicho na namba ya jezi tu. Ni vyema apate orodha ya wachezaji kutoka kwa walimu kabla ya mchezo, ili bao la mwanafunzi mmoja lisiandikwe kwa jina la mwingine.

Asisimame juu ya mstari wa pembeni. Mwamuzi msaidizi hukimbia kando ya mstari huo akifuatilia kuotea. Akizibwa njia, uamuzi huharibika. Aidha, asikae katika eneo la benchi la ufundi, ambalo ni la makocha na wachezaji wa akiba.

Mpiga picha hukaa nyuma ya mstari wa goli, kando ya lango, akiacha nafasi kwenye kibendera cha kona na kwa mchezaji anayeshindwa kusimama ghafla. Asitumie mwanga wa kamera unaoweza kumsumbua mlinda mlango.

Mchezaji anapoumia, mwandishi abaki mahali pake na kuwapisha watoa huduma ya kwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtu mwenye umri chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na wengi wa wachezaji hawa wamo katika umri huo. Kwa sababu hiyo, mahojiano yasubiri kipenga cha mwisho na yafanyike mbele ya mwalimu.

Waandaaji nao wanashauriwa kutenga eneo la waandishi kabla ya mchezo kuanza, badala ya kuwaondoa mpira ukiwa unaendelea.