Pua Huku, Mwendo Kule: Fizikia ya Mapigano ya Anga za Juu

Katika michezo mingi ya kompyuta ya vita vya anga za juu, vyombo huruka kama ndege. Rubani akigeuza pua kushoto, chombo kizima kinakwenda kushoto. Akipunguza moto wa injini, kasi nayo inapungua. Mtindo huu una asili yake. George Lucas alipotengeneza filamu ya Star Wars iliyotoka mwaka 1977, aliwapa mafundi wake picha za mapigano ya ndege za Vita vya Pili vya Dunia wazifuate kama kielelezo, na michezo mingi iliyokuja baadaye ikarithi mwendo huohuo. Unapendeza macho, lakini unamnyima mchezaji jambo zuri zaidi: kuona chombo kinavyokwenda hasa pale pasipo na hewa.

Ndege hupinda kwa sababu ina kitu cha kuegemea. Mabawa yake husukumana na hewa, na hewa hiyohiyo ndiyo inayoipunguza kasi injini zikizimwa. Anga za juu hakuna hewa, kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwendo, aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687, inaonekana wazi: kitu kilicho katika mwendo kitaendelea kwa kasi ileile na upande uleule mpaka kani fulani ikibadili. Injini basi haina kazi ya kudumisha mwendo. Kazi yake ni kuubadili tu, na ikizimwa mwendo unabaki vilevile.

Hapo ndipo uelekeo wa pua na uelekeo wa safari vinapoachana. Chombo hugeuzwa kwa injini ndogo zilizopangwa puani na mkiani. Moja ya mbele inatoa gesi upande wa kushoto, moja ya nyuma inatoa gesi upande wa kulia, nacho kinaanza kuzunguka. Mzunguko huo haukomi wenyewe. Ni lazima jozi nyingine ifanye kinyume ili uzimike. Wakati wote huo safari inaendelea kule ilikokuwa. Ndiyo maana rubani anayefukuzwa anaweza kugeuza pua nyuma, akamlenga adui uso kwa uso, huku akizidi kwenda mbele kwa kasi ileile.

Mchezo wa Spacewar!, uliobuniwa na Steve Russell na wenzake katika chuo cha MIT nchini Marekani na kukamilika mwaka 1962, uliyajua haya tangu mwanzo. Uliendeshwa kwa kompyuta ya PDP-1: vyombo viwili vinapigana, na katikati ya skrini kuna nyota inayovivuta. Mafuta yana kikomo, makombora yana kikomo. Mchezaji hodari hakupambana na mvutano wa nyota. Aliuacha umvute, akazidi kushika kasi, kisha akachomoka upande wa pili akimwendea mwenzake. Makombora peke yake hayakuvutwa na nyota, kwa kuwa kompyuta ile haikuwa na uwezo wa kuyapigia hesabu pia. Miaka 17 baadaye, mwaka 1979, mchezo wa Asteroids ulihifadhi kuteleza huko, lakini ukaongeza breki ya siri: ukiacha kuwasha injini, chombo kinapungua kasi taratibu, kana kwamba kuna hewa.

Michezo mingi hukwepa zaidi suala la mafuta, nami naona ndilo lenye utamu mkubwa. Roketi hujisukuma kwa kutupa nyuma sehemu ya uzito wake. Mwaka 1903 Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alichapisha mlinganyo unaoonyesha gharama yake. Chukua chombo ambacho kikiwa kitupu kina tani 1, chenye injini ya haidrojeni na oksijeni inayotoa gesi kwa kasi ya kilomita 4.5 kwa sekunde. Ili kibadili mwendo wake kwa takriban kilomita 4.9 kwa sekunde, kinahitaji tani 2 za mafuta na oksijeni. Ukitaka mara mbili ya badiliko hilo, unahitaji tani 8. Mara tatu, tani 26. Gharama inapaa hivyo kwa sababu mafuta ya baadaye nayo ni mzigo wa kusukumwa na mafuta ya sasa.

Kwa rubani wa vita, kasi ni deni. Aliyeongeza kilomita 4.9 kwa sekunde kumfuata adui atahitaji kiasi kilekile ili asimame, na kwa kwenda na kusimama tu ameshamaliza zile tani 8. Anayeshinda ni yule aliyebakiwa na uwezo wa kubadili njia pale mwenzake alipokwisha kuishiwa.

Kwa nini basi wabunifu huogopa ukweli huu? Mwaka 1993 mchezo wa Frontier: Elite II uliufuata kwa uaminifu, na wachezaji wengi wakajikuta wanapishana na maadui kwa kasi kubwa, wanarusha risasi kidogo, kisha wanahangaika kurudi. Suluhisho lililoenea ni kompyuta ya chombo kumsaidia rubani. Akigeuza pua, kompyuta inawasha injini za pembeni ili mwendo ufuate pua. Elite Dangerous ya mwaka 2014 inaruhusu msaada huo uzimwe, ingawa inabakiza kikomo cha kasi.

Karibu na sayari mambo yanageuka tena. Mwezi Juni 1965, rubani James McDivitt wa chombo cha Gemini 4 alijaribu kuisogelea sehemu ya roketi iliyowapeleka juu. Alielekeza pua kwake akawasha injini, lakini badala ya kuikaribia akazidi kuachana nayo. Kuongeza kasi mbele hukipandisha chombo kwenye obiti ya juu zaidi, ambako mzunguko mmoja huchukua muda mrefu zaidi. Anayetaka kumfikia aliye mbele hupunguza mwendo kwanza, akashuka kwenye obiti ya chini yenye mzunguko mfupi, kisha akapanda tena kwa wakati unaofaa.

Ukifungua mchezo mpya, ufanyie majaribio mawili. Zima injini utazame kama kasi inabaki. Kisha geuza pua utazame kama njia inapinda yenyewe. Kasi ikibaki na njia isipopinda, una fizikia ya kweli mkononi. Mwalimu wa kidato cha tatu anaweza kuwapa wanafunzi wake mchezo wa namna hiyo kwa kipindi kimoja, na kanuni ya Newton wanayoikariri ubaoni wataitumia kukwepa kombora.