Perege wa Jipe anayelea kinywani

Sisi watu wa mwambao tukitajiwa samaki, fikra huenda moja kwa moja kwa changu, tafi na nguru. Tunasahau kwamba Taita Taveta nayo ni Pwani, na huko, mpakani na Tanzania, kuna ziwa lenye samaki ambaye asili yake ni bonde la mto Pangani peke yake. Huyu ni perege wa ziwa Jipe, ambaye wanasayansi humwita Oreochromis jipe.

Nilimjua vyema siku niliyokaa kando ya ziwa hilo na mzee mmoja mvuvi. Alimtoa perege jike wavuni, na kabla hajamshika sawasawa, samaki akatema vitoto vidogo mno ndani ya beseni la maji. "Usishangae, mwanangu," akaniambia. "Huyu alikuwa analea." Akamrudisha ziwani pamoja na wanawe.

Malezi yenyewe ni hivi. Dume husafisha mahali chini ya ziwa, penye kina kifupi, akachimba kishimo mfano wa sahani. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai kwa kinywa. Huanguliwa humo humo kinywani, na hata vitoto vikianza kuogelea, hukimbilia kwa mama vikiona hatari. Tewa wa baharini humwaga mayai mengi mno na kuyaacha yajiendee. Perege hutaga machache, akayalinda. Kwa hivyo ukimvua jike anayelea, umevua na watoto wake.

Sasa samaki huyu yuko taabani. Jipe ni ziwa la kina kifupi, halifiki hata mita 3. Mto Lumi, unaotoka Kilimanjaro, huleta udongo uliomomonyoka mashambani. Tope linajaa, matete yanatanda, na mahali pa kuchimba viota panapungua. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Kuna tatizo jingine lisiloonekana kwa macho, nalo ni mbegu ya kigeni. Sato wa Nile hukua haraka na ni mzuri kwa kufugwa bwawani. Lakini akiingia ziwani huzaana na perege wa jamii yake, na machotara hao nao huzaa. Vizazi vikipita, mbegu ya asili huchanganyika hadi haipatikani tena. Utaona ziwa lina samaki, kumbe yule wa Jipe hayupo.

Ndiyo maana nasema, tusishangilie tu kila tunaposikia vifaranga vimemwagwa ziwani. Tuulize kwanza ni mbegu gani. Vifaranga wa Jipe watoke kwa wazazi wa Jipe, na sato abaki bwawani, mbali na mito. Wavuvi waache nyavu za matundu madogo na wayapishe mazalio. Nao wakulima wa kandokando ya Lumi wapande miti kwenye kingo, udongo ubaki shambani.

Tope likiondolewa na matete yakipunguzwa, ziwa laweza kupona. Lakini mbegu ya perege huyu ikishapotea, hakuna ziwa jingine la mbali tutakaloenda kumtafuta.