Sungura Mdogo na Choo Chake

Sungura huingia nyumbani kwa mlango wa watoto. Huletwa ndani ya boksi akiwa na wiki nane au kumi, na siku ya kwanza kila mtu anataka kumshika. Wiki ikipita, mkojo umeingia kwenye zulia, vinyesi vimetapakaa chini ya makochi, na anayefagia ni mama. Ndipo maneno huanza: arudishwe alikotoka, au aingie sufuriani. Watoto wanalia, baba anasema ni mnyama tu.

Kabla hamjafika huko, mama mpendwa, fahamu kwamba sungura si mchafu kwa maumbile yake. Kuku hudondosha popote anaposimama, lakini sungura huchagua kona moja au mbili na kukojoa hapo hapo kila siku. Kazi yako ni kuitambua kona aliyoichagua na kumwekea choo hapo.

Mwanzoni usimwachie nyumba nzima. Mzungushie mbao au waya mahali padogo, labda pembeni mwa jiko au barazani, umchunguze kwa siku mbili tatu. Ukishaiona kona yake, weka beseni pana la plastiki lenye kingo fupi ili aweze kuingia. Tandika magazeti ya zamani ndani yake, na upande mmoja weka nyasi kavu kwa wingi. Wengi hushangaa kusikia chakula kinawekwa chooni! Lakini sungura ndivyo alivyo, hutafuna huku akijisaidia. Na kwa kuwa nyasi ndizo chakula chake kikuu, atashinda hapo muda mrefu.

Vinyesi vilivyodondoka nje viokote uvirudishe beseni. Mkojo ufute kwa karatasi, na karatasi hiyo nayo uiweke humo, maana sungura huongozwa na pua. Kisha sugua sakafu kwa siki iliyochanganywa na maji mpaka harufu iishe. Unapobadilisha magazeti, bakiza kipande kidogo kilicholowa. Usiache mkojo ukae siku nyingi, kwani ile harufu kali hudhuru mapafu yake. Maranda ya mbao zenye harufu kali, kama msonobari, hayafai. Hata mchanga wa paka unaoganda ukilowa usimwekee, akiula unaweza kuziba matumbo.

Je, akikosea achapwe? Hapana. Fimbo haimfundishi sungura kitu ila kumwogopa mwenye mkono, na akirusha mateke kwa hofu anaweza kujivunja mgongo. Zaidi ya hapo, watoto wanatazama. Yule anayelowesha godoro usiku anasikiliza sauti unayotumia kwa sungura, naye anapima moyoni ni nini kinamngoja yeye asubuhi. Mithali 12:10 inamhesabia mwenye haki hata namna anavyomtunza mnyama wake, na nyumbani somo hilo husomwa kwa macho kabla ya kusomwa kwenye kitabu.

Kati ya miezi mitatu na sita, sungura aliyekuwa amezoea beseni anaweza kuanza kurusha mkojo ukutani, hasa dume. Huo si ukaidi, anabalehe. Daktari wa mifugo anaweza kumhasi, na mara nyingi usafi hurudi baada ya wiki chache. Mkiwa na dume na jike, watenganisheni wakifikisha miezi mitatu, maana mimba ya sungura ni siku 31 hivi tu, na hamtakuwa tena na sungura wawili.

Mkimwona anakula vinyesi vyake laini, msimzuie. Tumbo lake limeumbwa kupata virutubisho kwa njia hiyo. Cha kuogopa ni beseni kuwa kavu. Asipokula wala kujisaidia kwa nusu siku, apelekwe kwa daktari bila kungoja kesho.

Mtoto wa miaka saba anaweza kubadilisha magazeti kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mradi anawe mikono kwa sabuni. Vile vinyesi vikavu asivitupe jalalani. Havihitaji kuozeshwa kwanza kama samadi ya kuku, avimwage moja kwa moja kwenye tuta la mchicha.