Alilala mzima, akaamka miguu imekataa

Maswali ya wasomaji kuhusu miguu yanafanana mno. Mtu alikula vizuri jioni, akalala mzima, hana homa, hajaanguka popote. Alfajiri akashusha miguu kitandani, akasimama, magoti yakatetemeka, akajikuta sakafuni. Na kabla swali halijamalizika, jibu limekwisha kutolewa na aliyeuliza: ni karuho, sumu aliyotegewa na mtu. Au amekanyaga kitu kilichofukiwa mlangoni. Au ni yule jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba.

Karuho imenichosha. Hapa Bukavu imebebeshwa vidonda vya tumbo, saratani ya ini, kifua kikuu, kisukari, na sasa miguu. Anayefika kwa mfumu, yaani mganga wa kienyeji, hapimwi chochote. Ananyweshwa dawa ya kutapisha, anatapika, kisha anaonyeshwa beseni na kuambiwa sumu ndiyo hiyo. Tumbo gani likitapishwa kwa nguvu halitoi kitu cha kutisha? Linaloniudhi zaidi ni kwamba upo ugonjwa mmoja wa miguu, tena katika mkoa wetu huu, ambao kweli una sumu ndani yake. Haikuwekwa na jirani. Imepikwa nyumbani, ikaliwa na jamaa nzima wiki baada ya wiki.

Ugonjwa huo ni konzo, jina la Wayaka wa Kwango, magharibi mwa Kongo, ambako daktari Giovanni Trolli aliuandika kitabibu mwaka 1938. Huku kwetu ulihesabiwa kuwa mambo ya huko mbali, hadi mwaka 2011 Joelle Chabwine na wenzake, miongoni mwao Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven, walipochapisha katika jarida la Food and Chemical Toxicology taarifa ya kuzuka kwa konzo katika Kivu Kusini. Wagonjwa walikuwa watu wa Burhinyi, wilaya ya Mwenga, si safari ndefu kutoka hapa mjini kama barabara ni nzima. Kichwa cha makala yao kinataja vita waziwazi, na tutaona kwa nini.

Konzo haina polepole. Mtu huamka nayo, au humshika baada ya mwendo mrefu na mzigo mgongoni, na ndani ya saa chache, mara nyingi chini ya siku moja, imemaliza kazi yake. Miguu yote miwili hushikwa sawasawa. Siku za kwanza mwili mzima unaweza kulegea, macho yakaona ukungu, ulimi ukawa mzito. Baadaye hayo hupungua na kubaki miguu. Wanaoshikwa zaidi ni watoto waliovuka miaka 3 na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Anayenyonya bado hushikwa kwa nadra sana.

Neno "kupooza" hupoteza watu hapa. Miguu ya konzo hailegei kama kitambaa, hukakamaa. Mwambie mgonjwa aketi, vidole vya miguu viguse sakafu na kisigino kiwe juu kidogo: goti litaanza kupiga lenyewe, tak-tak-tak, bila yeye kutaka. Gonga chini ya goti kwa nyundo ya daktari, mguu utaruka kupita kiasi. Akitembea, magoti husuguana na mapaja hukatizana kama anajizuia, na vidole vinaburuta. Tazama kandambili zake: zimelika mbele, nyuma bado mpya. Yote hayo yanasema misuli ni mizima na mishipa inayotoka mgongoni kwenda mguuni ni mizima. Kilichoharibika kiko juu zaidi, kwenye zile seli za ubongo zinazotuma amri ya kutembea hadi chini ya uti wa mgongo, ambazo nyuzi zake ni miongoni mwa zilizo ndefu zaidi mwilini. Amri ikikatika, misuli haifi, bali inakosa wa kuituliza.

Na chanzo ni mihogo. Si mihogo yote, wala si sahani moja.

Naomba uvumilivu wa msomaji hapa, kwa sababu kemia ya mhogo ni kitu cha ajabu na sijawahi kuielewa nikaacha kuishangaa. Ndani ya chembe za mhogo mna kitu kiitwacho linamarini, sukari iliyofungamana na sianidi. Kikiwa hivyo ni kitulivu. Pembeni, katika ukuta wa chembe hiyohiyo, mmea umeweka kimeng'enya kiitwacho linamarasi, chenye kazi moja tu ya kuivunja linamarini. Baruti upande huu, kiberiti upande ule. Panya akitafuna, ukuta unapasuka, viwili hivyo vinakutana, na sianidi inaachiliwa mdomoni mwake. Ndiyo maana mihogo michungu, yenye linamarini nyingi, hupendwa na wakulima wanaoishi karibu na wezi wa miguu minne, na wa miguu miwili pia.

Bibi zetu waligundua namna ya kuuchokoza mhogo ujimalize wenyewe kabla haujaliwa. Ukiuloweka usiku tatu, vijidudu vya uchachu vinalainisha kuta, kimeng'enya kinaifikia linamarini, na sianidi inayotoka inaondoka na maji au hewa, kwani inachemka kwenye nyuzi joto 26 tu, juani haikai. Ile harufu inayomfanya mgeni azibe pua ni dalili kwamba kazi inafanyika. Twanga sombe, yaani majani ya mhogo, vizuri kabla ya kuipika na jambo hilohilo linatokea kwa dakika chache.

Sasa angalia kosa ambalo karibu kila mtu analo kichwani: eti moto unaua sumu. Moto unaua kimeng'enya! Linamarini yenyewe haisumbuliwi na sufuria. Mhogo mchungu ukiupika kabla haujalowa vya kutosha, umemfukuza fundi na kuiacha kazi nusu. Linamarini inaingia tumboni ikiwa nzima, na sehemu yake inavunjwa huko na bakteria wa utumbo. Bugali imeiva, inang'aa, haina harufu, na imebeba sianidi ndogondogo ya kila siku.

Mwili una ulinzi wake. Huichukua sianidi, huipachika salfa, huigeuza thayosianati na kuitoa kwenye mkojo. Salfa hiyo lakini haitoki hewani. Inatoka katika protini, hasa samaki, nyama na mayai. Anayekula bugali ya mihogo na sombe asubuhi na jioni, bila kitu kingine, anaingiza sumu na wakati huohuo anajinyima dawa yake. Salfa ikiadimika, sehemu ya sianidi hugeuka sianati, ambayo ina tabia ya kujishikiza kwenye protini za mwili, na ni mmoja wa washukiwa wakuu wa kuharibu seli za mwendo. Tuhuma hiyo ina historia: mapema miaka ya 1970 sianati ilijaribiwa Marekani kama dawa ya ugonjwa wa selimundu, na ikaachwa kwa sababu iliharibu mishipa ya fahamu ya wagonjwa.

Thayosianati nayo si mgeni wa ziwa letu. Katika kisiwa cha Idjwi, miaka ya 1960, watafiti Delange na Ermans walikuta rovu zimejaa kaskazini na ni chache kusini-magharibi, ilhali upungufu wa madini joto ulikuwa uleule pande zote. Sehemu ya jibu ilikuwa mhogo, kwa kuwa thayosianati huizuia tezi ya shingo kukamata yale madini joto machache yaliyopo. Kwa hiyo mkoa huu umejua kwa zaidi ya nusu karne kwamba mhogo ulioandaliwa vibaya huacha alama mwilini.

Watu hawakusahau kuloweka. Walikosa nafasi. Huko Bandundu, magharibi mwa Kongo, Thorkild Tylleskär na wenzake wa Kongo, akiwemo Banea-Mayambu, walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 jambo la kushangaza: barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilileta malori, malori yakaleta wanunuzi, na mihogo iliyokuwa ikilowekwa usiku tatu ikaanza kulowekwa usiku mmoja ili iwahi soko. Mkoa wa Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, ilikuwa ukame: mhogo katika ukavu huzidisha sumu yake, mazao mengine yakafa, na watu zaidi ya 1,000 wakashikwa. Tarime, Tanzania, mwaka 1985, tena ukame. Kwetu ni vita. Ng'ombe na mbuzi wanaporwa, watu wanakimbia na kurudi, mhogo unang'olewa kabla ya wakati, unakaushwa haraka juani na kusagwa kwa sababu hakuna anayejua kama wiki ijayo atakuwa bado kijijini. Kuloweka usiku tatu mtoni kunataka amani ya usiku tatu.

"Mbona tulikula sote, akashikwa mmoja?" Hapo ndipo uchawi huingia. Kwanza, mara nyingi hashikwi mmoja. Konzo hurudi katika nyumba ileile. Pili, jamaa hawali sawa. Baba anapata kipande cha nyama na chupa mjini, mama anabaki na bugali na mchuzi wa sombe, naye ndiye anayebeba mzigo mlimani. Tatu, hata asiyeanguka huenda ameguswa: uchunguzi wa Kahemba, huko Kwango, ulioongozwa na Michael Boivin na Mkongo mwenzetu Desire Tshala-Katumbay na kutolewa mwaka 2013, uliwapima watoto wasio na konzo wanaoishi katika nyumba zenye konzo, na wakaonekana nyuma ya watoto wa kwingine katika vipimo vya akili.

Kwa nini asubuhi, na kwa nini ghafla wakati sumu imekusanyika kwa wiki? Hilo bado ni fumbo la maabara. Mfumu atakupa jibu lake mara moja, kwa bei ya mbuzi.

Si kwamba wazungu wenye makoti meupe wanaaminiwa kirahisi. Hans Rosling, Mswidi aliyekuwa daktari Nacala wakati wa mlipuko ule wa Msumbiji, alifika Makanga, Bandundu, mwaka 1989 kuchunguza konzo, akazingirwa na watu wenye mapanga walioamini amekuja kuuza damu yao. Aliyemwokoa ni mama mmoja, aliyesimama mbele ya umati akawakumbusha kwamba surua iliisha kwa chanjo, na chanjo ilipatikana kwa watu kuchunguza. Mama yule hakuwa amesoma. Namwona mwanasayansi kuliko wauzaji wote wa vichupa vya kahawia katika soko la Kadutu.

Niseme pia kwa haraka kwamba wengi wanaoamka na miguu mibovu hapa mjini hawana konzo. Upande mmoja umelegea na mdomo umepinda: ni kiharusi, hospitali sasa hivi. Mgongo unauma kwa miezi, mtu anakonda, kuna kinundu kwenye uti: fikiria kifua kikuu cha mifupa, ambacho kina dawa. Udhaifu unapanda kutoka nyayo hadi mapaja hadi mikono: usisubiri ufike kwenye pumzi. Na mkojo ukizuilika pamoja na miguu, usilale nyumbani.

Konzo ikishatokea haina dawa ya kuirudisha nyuma. Haiongezeki pia, isipokuwa mtu aendelee kula vilevile akapata pigo la pili. Kinachosaidia ni mazoezi, fimbo au magongo, wakati mwingine upasuaji mdogo wa kurefusha kano nene ya kisigino. Kituo cha Heri Kwetu hapa Bukavu kinawahudumia watu wenye ulemavu wa viungo. Wale wanaochoma sindano kumi za vitamini "za kuamsha neva" wanauza maji yenye rangi kwa watu waliokwisha kuuza shamba.

Jikoni, basi. Menya, loweka usiku tatu, mhogo uwe laini kabla ya kuuanika. Ukishanunua unga usioujua asili yake, kuna njia ya Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia: changanya unga na maji, utandaze mwembamba, usifike unene wa sentimita 1, uache juani saa 2 au kivulini saa 5, kisha pika siku hiyohiyo. Kimeng'enya kilichosalia ndani ya unga kinamaliza kazi yake. Katika kijiji cha Kay Kalenge, Popokabaka, akina mama waliifuata njia hiyo na visa vipya vya konzo vikakoma. Ongeza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kakopo kamoja ka samaki hao wakavu kwenye mchuzi wa jamaa nzima ni salfa ambayo maharagwe peke yake hayaitoi kwa wingi huo. Na samaki huyo aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili hiyohiyo, watu wapate protini.

Na mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mguu wake umelegea ghafla, si kukakamaa bali kulegea, huyo hapelekwi kwa mfumu, kwenye chumba cha maombi wala kwa mchoma sindano. Mkoa wetu umekuwa na polio ya virusi vya chanjo vilivyobadilika, ambavyo huenea pale watoto wengi wasipochanjwa. Muuguzi wa kituo cha afya anatakiwa achukue choo chake mara mbili, siku mbalimbali, ndani ya wiki 2 tangu mguu ulegee. Asipoomba, mwombeni ninyi.