Kisu cha Mashine Hakimo Katika Hesabu ya Korosho

Mkulima wa korosho kule Mpapura atakutajia papo hapo idadi ya mifuko ya salfa aliyopuliza msimu huu. Muulize lini kisu cha mashine ya kufyekea kilibadilishwa, atatazama juu kwenye mikorosho.

Hapo ndipo fedha zinapovuja. Shamba husafishwa kabla ya kupuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, kisha tena kabla korosho hazijaanza kudondoka, maana huokotwa chini na kwenye majani hupotea. Mwenye ekari nyingi hukodi kijana mwenye mashine ya begani, anayelipwa kwa eneo. Msimu wake ni wiki chache. Mashine ikilala kwa fundi, naye amelala.

Basi kijana hutafuta njia za mkato. Kava la kisu hung'olewa ili majani yasikwame. Kisu kilichopata ufa huchomelewa kikarudishwa kazini, ilhali moto wa kuchomelea umeshaharibu ugumu wa chuma. Kikikatika kikiwa kinazunguka kwa kasi, kipande hakichagui mguu wa nani. Silensa, yaani mwendo wa injini bila gesi, hupandishwa ili injini isizime, na kisu kikaendelea kuzunguka hata gesi ikiachiwa. Halafu mtu huinama kuchomoa majani yaliyojisokota! Kuzima injini na kuchomoa waya wa plagi hakuchukui hata dakika.

Nati ya kisu nayo ina hila zake. Kwenye mashine nyingi za aina hii hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Asiyejua huikaza akidhani anaifungua, spana huteleza, vidole vikakutana na makali.

Kuhusu mafuta, wengi hupima oili kwa kifuniko cha chupa. Mashine ya mchanganyiko wa 1:50 inataka mililita 100 za oili ya tustroki kwa lita 5 za petroli. Ya 1:25 inataka 200. Ukipunja, pistoni hukwama ndani ya silinda, na hasara yake hununua visu vingi. Kujazia petroli injini ikiwa ya moto, kando ya mifuko ya salfa, ni kucheza na moto: unga ule huwaka.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, lakini shambani anayemkodi kijana ndiye mkaguzi pekee aliyepo. AMCOS, vyama vya ushirika vinavyokusanya korosho kwa ajili ya mnada, vingeweza kuweka visu na plagi ghalani na kukata bei yake kwenye malipo ya mkulima, kama madeni mengine yanavyokatwa. Hadi hapo, mimi ningetaka kuliona kava kabla ya kutaja bei ya ekari.