Uteuzi wa Kingamwili za Utafiti kwa Alama za Uso wa Seli za Kinga za Binadamu: Mfano wa CD4 na Kloni OKT4

1.0 Utangulizi

Katika sura ya mbinu za utafiti, si jambo geni kukuta sentensi moja tu inayoeleza kwamba seli za damu zilitiwa kingamwili dhidi ya CD3, CD4 na CD8, kisha zikahesabiwa kwa saitometa ya mkondo. Msomaji hupita sentensi hiyo bila kusita, na mtahini naye mara nyingi hufanya vivyo hivyo. Hata hivyo, maneno "kingamwili dhidi ya CD4" hayamwambii msomaji ni kingamwili ipi iliyotumika, na kwa baadhi ya watu, wengi wao wakiwa wenye asili ya Afrika, tofauti kati ya kingamwili moja na nyingine ni tofauti kati ya mtu mwenye afya na mtu anayeonekana hana kabisa seli za CD4.

Makala haya yanafafanua mambo yanayopaswa kuamua uteuzi wa kingamwili kwa ajili ya alama za uso wa seli za kinga za binadamu. Mfano mkuu ni kloni OKT4, kwa kuwa historia yake inajulikana vyema na inawahusu moja kwa moja watafiti wanaofanya kazi na sampuli za Afrika Mashariki.

2.0 Namba ya CD si jina la kingamwili

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walionyesha kwamba seli ya panya inayotengeneza kingamwili inaweza kuunganishwa na seli ya saratani ya uboho ili kupata haibridoma, yaani seli chotara inayogawanyika bila kikomo huku ikitoa kingamwili ya aina moja tu. Kizazi chote cha seli inayotokana na chotara mmoja ndicho kinachoitwa kloni. Ugunduzi huo ulizipa maabara uwezo wa kutengeneza kingamwili dhidi ya molekuli za uso wa seli nyeupe za damu hata kabla molekuli zenyewe hazijajulikana. Mwaka 1979 Patrick Kung, Gideon Goldstein na wenzao, katika kampuni ya Ortho, walieleza kingamwili za mfululizo wa OKT zilizotenganisha limfosaiti T katika makundi. Maabara nyingine zilikuwa na majina yao: kingamwili iliyoitwa Leu-3a, inayotoka katika kloni SK3, ilitambua kundi lilelile la seli lililotambuliwa na OKT4.

Wingi wa majina ulileta mkanganyiko, na mwaka 1982 warsha ya kwanza ya kimataifa ilifanyika Paris ili kulinganisha kingamwili hizo. Zile zilizoonekana kutambua molekuli moja ziliwekwa katika kundi moja na kupewa namba. Hivyo ndivyo OKT4 na Leu-3a zilivyoingia chini ya CD4. Leo namba hizo zimepita 370.

Utaratibu huo umekuwa wa manufaa makubwa, lakini umezaa mazoea mabaya. Namba ya CD hutaja molekuli. Kingamwili haitambui molekuli nzima. Hushika sehemu ndogo ya umbo lake, yaani epitopi. Kingamwili mbili zenye namba moja ya CD zinaweza kushika ncha mbili tofauti kabisa za molekuli, na kinachoathiri ncha moja si lazima kiathiri nyingine.

3.0 Kloni OKT4 na watu wanaoonekana hawana CD4

Sehemu ya molekuli ya CD4 iliyo nje ya seli imegawanyika katika vipande vinne, kuanzia D1 kilicho mbali zaidi na utando wa seli hadi D4 kilicho karibu nao. Virusi vya UKIMWI hushika kipande cha D1 kwa protini yake ya gp120. Mwaka 1984, makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Angus Dalgleish na jingine likiwa na David Klatzmann, yalionyesha kwamba kingamwili dhidi ya molekuli hiyo zinaweza kuzuia maambukizi katika maabara, na hivyo CD4 ikatambuliwa kuwa kipokezi cha virusi. Baadaye ilidhihirika kwamba si kila kingamwili ya CD4 ina uwezo huo. Kloni OKT4A hushika eneo la D1 na huzuia gp120. Kloni OKT4 hushika D3 na haizuii. Herufi moja mwishoni mwa jina hutenganisha kingamwili mbili zenye tabia zinazokinzana, na anayeandika "OKT4" kwa kufupisha OKT4A ametoa taarifa ya uongo pasipo kukusudia.

Mapema katika miaka ya 1980 walipatikana watu wenye afya njema ambao limfosaiti T zao hazikushikwa kabisa na OKT4. Kingamwili nyingine za kundi hilohilo, ikiwemo OKT4A, zilishika seli zao kama kawaida. Kwa hiyo seli zilikuwapo, na molekuli ya CD4 ilikuwapo. Kilichokosekana ni epitopi. Chanzo chake ni badiliko la herufi moja ya jeni, C kuwa T katika nafasi ya 868, linalobadili asidi amino ya arjinini kuwa triptofani katika nafasi ya 240 ya protini iliyokomaa, ndani ya D3. Aleli hiyo imeonekana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika na pia kwa Wajapani.

Mtu aliyerithi aleli hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili huonekana hana seli za CD4 ikiwa maabara imetumia OKT4 peke yake. Kosa hilo ni kubwa, lakini angalau hujitangaza: matokeo ya sifuri kwa mtu asiyeumwa humshtua fundi wa maabara. Njia ya kulithibitisha ni rahisi pia. Katika damu ya kawaida, jumla ya asilimia za seli za CD4 na za CD8 miongoni mwa limfosaiti T hukaribia asilimia ya seli zote zenye CD3, ukiacha sehemu ndogo ya seli, hasa zile zenye kipokezi cha gama-delta, ambazo nyingi hazina alama yoyote kati ya hizo mbili. Pengo kubwa katika hesabu hiyo ni dalili kwamba kuna seli ambazo kingamwili haikuziona.

Tatizo gumu zaidi ni la mtu aliyerithi aleli hiyo kutoka kwa mzazi mmoja. Takriban nusu ya molekuli zake za CD4 hushikwa na OKT4 na nusu haishikwi. Seli zake zote zinaonekana, idadi inatoka sahihi, na hakuna anayeshtuka. Ila mwanga unaotoka katika kila seli ni karibu nusu ya ule wa mtu mwingine. Kwa anayehesabu seli tu, hasara ni ndogo. Kwa anayepima wiani wa CD4 kwenye uso wa seli, hasara ni ya utafiti mzima.

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi hasara hiyo inavyoweza kujificha. Protini za virusi vya UKIMWI, hasa Nef na Vpu, hupunguza CD4 kwenye uso wa seli iliyoambukizwa. Mtafiti anaweza kutaka kulinganisha wiani huo kati ya walioambukizwa na wasioambukizwa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono nchini Kenya, ukihusisha aleli hiyohiyo ya C868T na ongezeko la hatari ya kuambukizwa. Ikiwa uhusiano huo upo pia katika jamii anayoichunguza, kundi la walioambukizwa litakuwa na wabebaji wengi zaidi wa aleli. Akitumia OKT4, mwanga utapungua katika kundi hilo hata kama virusi havijapunguza molekuli yoyote. Matokeo yatakuwa na mwelekeo uleule uliotarajiwa, takwimu zitakuwa na nguvu, na hitimisho litakuwa limejengwa juu ya urithi wa D3. Kuongeza idadi ya washiriki hakutibu kosa la namna hiyo. Hulipa uzito zaidi.

Haifuati kwamba OKT4 ni kingamwili mbovu. Kwa kuwa haigusi D1, inafaa pale ambapo gp120 imekwisha kushika CD4 na mtafiti bado anataka kuiona seli. Kloni kama SK3 na RPA-T4, zinazoshika D1, zinaweza kuzibwa na gp120 hiyo. Ubora wa kingamwili, kwa maneno mengine, hauwezi kujadiliwa kabla swali la utafiti halijatajwa.

4.0 Hali ya sampuli na seli zisizolengwa

Tofauti za urithi haziishii kwenye CD4. Badiliko la asidi amino katika kipokezi cha CD16 limewahi kuondoa epitopi ya kloni B73.1 huku kloni 3G8 ikiendelea kushika. CD16 ina udhaifu mwingine: seli za NK zinapochochewa, kimeng'enya cha ADAM17 huikata kutoka kwenye uso wao, hivyo kupungua kwake hakumaanishi kwamba seli zimetoweka. Kimeng'enya hichohicho hukata CD62L, ambayo pia hupungua seli zinapogandishwa na kuyeyushwa. Maabara inayopokea sampuli zilizogandishwa kutoka kituo cha mbali haina budi kulijua hilo kabla ya kuagiza kingamwili ya CD62L, kwa sababu hakuna kloni itakayoshika molekuli ambayo haipo.

Monosaiti nazo zina CD4, ingawa kwa wiani mdogo kuliko limfosaiti T. Zaidi ya hayo, vipokezi vyao vya Fc hushika mkia wa kingamwili yoyote. Kwa hiyo CD4 bila CD3 ni kipimo kisichokamilika, na vipokezi hivyo huzibwa kabla ya kutia kingamwili. Fluorokromu, yaani rangi inayotoa mwanga inapopigwa na leza, huchaguliwa kwa kuangalia wiani wa alama: iliyo adimu kama CD25 kwenye seli tulivu hupewa rangi kali kama PE, na iliyo tele kama CD45 huvumilia rangi dhaifu. Pale seli zinapotakiwa kubaki hai kwa majaribio ya baadaye, hutafutwa kingamwili isiyo na azidi ya sodiamu, nayo isiwe yenyewe kichocheo. OKT3 inayolenga CD3 ni kichocheo maarufu cha limfosaiti T.

5.0 Uthibitishaji na kumbukumbu

Mwaka 2016 kikundi kazi cha kimataifa kilipendekeza nguzo tano za kuthibitisha kingamwili. Kwa alama za uso, mbili ndizo zinazotekelezeka kwa urahisi zaidi: kujaribu kingamwili kwenye seli ambazo jeni husika limeondolewa, na kulinganisha kingamwili mbili huru zinazoshika epitopi tofauti. Ya pili haihitaji mitambo ya ziada, na ndiyo iliyofichua upungufu wa epitopi ya OKT4. Inafaa ifanywe kwa damu ya watu wa jamii itakayochunguzwa. Uthibitishaji wa muuzaji uliofanywa kwa wachangiaji wachache wa damu katika nchi nyingine hauwezi kuonyesha aleli ambayo wachangiaji hao hawakuwa nayo.

Kila kingamwili huzimuliwa kwa hatua ili kupata kiwango kinachotenganisha vyema seli zenye alama na zisizo nayo. Kiasi kilichoandikwa na muuzaji ni pa kuanzia tu, na toleo jipya la uzalishaji hulinganishwa na la zamani kwa sampuli moja kabla la zamani halijaisha. Kwa maabara inayoagiza vitendanishi kutoka ng'ambo na kuvisubiri kwa wiki kadhaa, sharti hilo la mwisho ni gumu na mara nyingi ndilo linaloachwa.

Katika tasnifu, kila kingamwili inapaswa kuandikwa kwa molekuli inayolengwa, kloni, fluorokromu, muuzaji, namba ya katalogi, namba ya toleo na kiwango cha kuzimua, pamoja na namba ya RRID inapokuwapo. Bila jina la kloni, mtahini hana njia ya kujua kama matokeo ya CD4 yamegusa D1 au D3. Pale OKT4 ilipokwisha kutumika, idadi ya seli za CD4 inaweza kukadiriwa upya kutoka CD3 na CD8, ilimradi faili ghafi za saitometa zimehifadhiwa. Wiani hauwezi kurejeshwa kwa njia hiyo. Unahitaji DNA ya kila mshiriki ili kubaini nani alibeba aleli ya 868T, na idhini ya washiriki inayoruhusu kipimo hicho cha jeni.